Bwana Mifugo Atafuta Wenzake wa Pikipiki

Ng'ombe wa Nyahanga walikuwa wanajua Bwana Mifugo anakuja kabla binadamu yeyote hajasikia kitu. Kwanza wanaacha kucheua. Halafu mikia inasimama, na zizi zima linageuka upande mmoja kama darasa lililomsikia mwalimu mkuu akikohoa nje. Hapo ndipo na sisi tunaanza kuusikia mlio, tuku-tuku-tuku, unapanda kutoka mbugani, na mama anasema, "Anua nguo, Kabula," maana vumbi la pikipiki ile halikuchagua shuka la nani.

Ng'ombe hawakuwa wajinga. Maishani mwao mlio ule haukuwahi kuwaletea jambo jema. Ukifika, nyuma yake kuna kamba, kuna sindano, na kuna mtu mwenye soksi ndefu za kaki anayesema, "Pole mama, pole mama," huku anachoma. Ng'ombe wote aliwaita mama, hata madume. Ila madume aliwaita mama kwa sauti ya chini zaidi na akiwa mbali zaidi, kwa sababu mtu huyu aliyeajiriwa na serikali kutibu mifugo alikuwa anaogopa pembe kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona.

Alikuwa jirani yetu. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa minyaa wenye tundu la kutosha kichwa cha mbuzi au cha mtu mwenye udaku, kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyatafuta, yaliingia yenyewe. Mimi nasoma shule ya kati kwa masista, na likizo narudi nyumbani kumsaidia mama. Baba ni dereva wa lori la pamba, tunamwona kama mwezi mwandamo: kidogo, kisha ametoweka. Ndiyo maana Bwana Mifugo akikosa chumvi, kiberiti au mtu wa kumlalamikia, alikuwa anapitia kwetu.

Pikipiki aliinunua kwa mzungu mmoja wa migodini Geita aliyekuwa anarudi kwao. Wengine walisema mzungu aliiuza kwa sababu anaondoka. Mimi nilivyoijua pikipiki ile, nadhani aliondoka kwa sababu alipata wa kumuuzia. Ilikuwa haiwaki kwa teke. Ilikuwa inawaka kwa kusukumwa, tena isukumwe na mtu anayetaka kweli, si wa kutegea. Bwana Mifugo aliipanda akiwa amevaa koti refu, miwani ya vumbi, na kofia ya pama iliyofungwa kidevuni kwa uzi wa kiatu. Kiatu kimoja, kwa hiyo, hakikuwa na uzi, na kilikuwa kinaanguka njiani.

Tabia yake iliyojulikana kote ilikuwa ya salamu. Kwetu huku humwamkii mzee ukiwa umepanda kitu. Hata baiskeli unashuka, unaisimamisha, unachuchumaa kidogo, unasema mwadila, unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, nawe unajibu mhola, mhola, mhola, ndipo unapanda tena. Kwa baiskeli ni jambo la dakika chache. Bwana Mifugo alikuwa anafanya vile vile na pikipiki. Akimwona mzee amekaa nje kwake, anasimama, anazima moto, anavua miwani, anafungua ule uzi, anavua kofia, anashuka. Nilimuuliza kwa nini asiache moto unawaka. Akasema kumwamkia mtu huku chombo kinanguruma ni sawa na kumwamkia huku unatafuna.

Sasa pikipiki imezimwa, na wa kuisukuma hayupo ila mzee mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu babu mmoja wa jirani ameamkiwa kwa heshima zote, kisha akaombwa kwa heshima zote asukume. Akasukuma. Ilipowaka, iliondoka na mkongojo wake umenasa nyuma, na babu akabaki amelala kifudifudi barabarani, ameheshimiwa. Siku nyingine babu yule aliposikia tuku-tuku, aliingia ndani sambamba na ng'ombe.

Kutokana na mambo hayo Bwana Mifugo alikuwa ameshika imani moja, kwamba pikipiki si chombo cha kwenda peke yako. Safari ya pikipiki, alisema, inataka watu wanne. Wa mbele anakula upepo, wa katikati wanakula vumbi, wa nyuma anaokota vilivyoanguka. Alisema hivyo kila siku, na kila siku alikuwa anaondoka peke yake.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna pamba, jambo hilo liliacha kuwa maneno. Alikwenda Masumbwe kuchanja ng'ombe, na huko dume moja jeusi likamtia kwenye tope la kisimani, na soksi zake zote. Mwenye dume alikuwa mjane anayeitwa Mama Limi. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akamletea maji ya kunawa, kisha akacheka tena. Bwana Mifugo alirudi Nyahanga na tope limemkaukia, akakaa jikoni kwetu, akamwambia mama kwamba hajapata kuchekwa vizuri namna ile.

Baada ya hapo ng'ombe wa Masumbwe walianza kuchanjwa kuliko ng'ombe wowote wa jimbo hili. Mwisho akajikaza, akaenda kwa kaka yake Mama Limi, ambaye ndiye mkubwa wa mji ule, akasema ana nia ya kuoa. Yule kaka akamuuliza amekuja na nani. Akasema amekuja peke yake. Akaambiwa mtu anayekuja peke yake ni wa kodi, na kodi wameshalipa.

Hapo angenyamaza, angerudi, angetafuta washenga kama watu wengine. Lakini alisikia haya mbele ya Mama Limi, akasema, "Nina wenzangu. Sisi ni kundi la pikipiki, tunatembea pamoja siku zote. Leo tu wamepata udhuru."

"Basi njooni na kundi lenu," kaka akasema. "Mfike pamoja, niwaone. Kuna karani wa pamba naye ameniletea habari hiyo hiyo, na yeye ana watu. Mvua ikishakata njia ya mbugani, nitakuwa nimeshamjibu mmoja wenu."

Ndivyo alivyorudi kwetu akiwa na mchumba nusu na kundi ambalo halipo. Mama alimwambia aseme ukweli. Akasema ukweli atausema, ila kwanza atautengeneza uwepo.

Pikipiki Kahama, mji wetu, hazikuwa nyingi. Ukitoa za wazungu wa boma, ambao hawawezi kutumwa kuposa, zilibaki tatu mbali na yake. Ya kwanza ilikuwa ya Nyapara, msimamizi wa mgodi mmoja upande wa Geita aliyekuwa nyumbani kwa likizo ndefu, mtu wa kifua na honi. Ya pili ilikuwa ya Katekista, aliyopewa na mapadri azungukie vijiji. Ya tatu ilikuwa ya Muuza Samaki, Mwislamu mpole kutoka ziwani, aliyeleta samaki wa chumvi ndani ya tenga kubwa lililofungwa nyuma. Tenga lile lilikuwa jeupe kwa chumvi. Akiegesha popote, mbuzi wanakusanyika kulilamba.

Mtu mwingine angewaomba tu. Bwana Mifugo alisema lazima awapime kwanza, kwa sababu mwenzi mbaya wa pikipiki ni hatari kuliko breki mbovu. Na hakuwapima kwa kuendesha. Aliwapima kwa ugali. Mwite mtu, alisema, kula naye sahani moja, utaona atakavyokwenda barabarani. Anayekula mbio atakuacha porini. Anayekula kwa kusuasua utamngoja mpaka usiku. Anayechimba upande wako atakuziba njia. Na mtu anayekula nyama yote mwanzo, petroli itamwishia katikati.

Ugali wa mtihani nilikuwa nausonga mimi. Yaani Bwana Mifugo alikuwa analeta unga wa mtama na kipande cha nyama, mama anatazama mbinguni, na mimi ndiye ninayepika, ninayepeleka, na kubaki nimejificha nyuma ya minyaa nisikie matokeo. Masista hawajawahi kunipa kazi niliyoipenda hivyo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Nyapara. Nilimpelekea ugali unaotoa moshi kama tanuri, kusudi nione. Hakupuliza. Alikata, akachovya, akameza, macho yakamtoka, akakata tena. Bwana Mifugo alikuwa bado ananawa mkono wa pili sahani ilipoisha. Nyapara akashukuru, akapiga honi, akaenda zake.

"Yule siendi naye," Bwana Mifugo akamwambia mama. "Atafika Masumbwe kabla yetu, aoe yeye."

Wa pili, Katekista. Yeye alianza kwa sala. Aliombea chakula, akamwombea aliyepika, akaiombea shule ya aliyepika, ambako alisema amesikia nidhamu inapungua, akaombea mvua. Alipofika amina ugali ulikuwa umepoa kiasi cha kujengea. Bwana Mifugo akasema na huyo watafika, ila watafika Pasaka.

Muuza Samaki alikula vizuri. Hata mimi nyuma ya minyaa nilimpa maksi zote. Hakuharakisha, hakuchelewa, alikula upande wake, na kipande cha mwisho cha nyama alikisogeza kwa mwenzake. Lakini muda wote huo paka wetu alikuwa amekaa begani kwake, mbuzi wanalamba mgongo wa kanzu yake, na mbwa wa mtaa mzima wamepanga foleni mlangoni. Bwana Mifugo akasema mtu mwenyewe hana kasoro, kasoro ni kundi lake, maana yeye tayari analo.

Jambo ambalo hakuliona, na mimi nililiona tangu siku ya kwanza, ni kwamba yeye mwenyewe kwa kipimo chake angefeli. Alikuwa anakula polepole kama anayehesabu punje, halafu ghafla mkono wake unakwenda kwenye kipande kikubwa kuliko vyote. Ukimtazama anasema, "Nakagua." Eti ni kazi yake kukagua nyama. Alikagua vipande vikubwa tu. Vidogo aliviamini.

Kwa kuwa hakukuwa na pikipiki nyingine mjini, alilazimika kuwarudia wote watatu. Akawaomba wafanye safari ya majaribio, waende Segese na kurudi, wajifunze kwenda pamoja. Waliondoka asubuhi mbele ya mlango wetu, wanne, wamepanga mstari, mama akapiga kigelegele kidogo cha kuwatia moyo.

Nyapara alirudi kabla hatujamaliza kuosha vyombo, anauliza wenzake wako wapi, maana alifika Segese, akageuza, akarudi, kwa mwendo wake hakumwona mtu. Mchana akaja Muuza Samaki kutoka njia nyingine kabisa. Alisema alikuwa nyuma ya Bwana Mifugo, lakini ng'ombe wa njiani waliposikia ule mlio walitoka mazizini kama mafuriko na kuvuka barabara, na aliyekutana nao ni yeye. Walipoinusa chumvi ya tenga, waliacha kukimbia wakaanza kumfuata. Alfajiri alikuwa mfanyabiashara, mchana amekuwa mchungaji. Katekista alifika alasiri. Alikuwa amesimama kila kijiji kuwauliza watoto katekisimu, na watoto wa siku hizi, alisema huku ananitazama, hawajui kitu. Bwana Mifugo alikuja wa mwisho kabisa, kwa miguu, anasukuma. Hakuwa amefika hata nusu ya njia. Wazee walikuwa wengi.

Ukazuka ugomvi uani kwetu. Kila mmoja alikuwa ameachwa na wenzake, na hakuna aliyemwacha mtu. Nyapara alisema kwa mwendo ule mgodini wangekuwa hawajachimba hata shimo la choo. Katekista akasema kuna watu hata njia ya mbinguni wataipita kwa honi. Muuza Samaki alisema kwa upole kwamba anaheshimu salamu, lakini mtu anayemwamkia kila mwenye mvi asiuze samaki. Wote watatu wakasema Masumbwe hawaendi. Na juu ya mbuga mawingu yalikuwa yameanza kujaa, meusi chini kama sufuria.

Bwana Mifugo alikaa kwenye kinu. Mikono aliipakata kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi.

"Shemeji," akasema, "nimewalisha watu wako mpaka ghalani wamebaki panya. Wote nimeona wanakula. Wewe ndiye hujapimwa."

"Mimi?"

"Wewe. Kabula, songa ugali mmoja, mkubwa. Leo watakula wote wanne, na shemeji hatagusa mpaka wenzake wametosheka."

Sijawahi kusonga ugali kwa furaha namna ile. Wakakaa mkekani, wamenuniana. Nyapara akaanza mbio, akajichoma, akapunguza. Katekista alisali sala fupi, kwa woga wa mwiko nadhani. Muuza Samaki akawa katikati yao. Bwana Mifugo amekaa na mikono safi juu ya magoti, macho yanafuata kila tonge kama mbwa wa kanisani. Kipande kikubwa kilikuwa mbele kabisa. Nilimwona anameza mate. Mkono wake uliinuka kidogo, mama akakohoa, mkono ukashuka.

Sahani ilikwisha, kipande kile kikabaki. Walitazamana. Nyapara ndiye aliyekisukuma kwa kidole mpaka upande wa Bwana Mifugo.

"Kagua," akasema.

Katekista ndiye wa kwanza kucheka, tena kwa puani, kama mtu aliyekatazwa. Baada ya hapo hata mbwa mlangoni walishangaa kelele zilizotoka kwenye mkeka ule. Bwana Mifugo alikula kile kipande huku machozi yanamtoka, na mpaka leo hatujui kama yalikuwa ya kicheko, ya pilipili, au ya Mama Limi.

Mama hakungoja wapoe. Alisema salamu watagawana. Kila mzee atashukiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote, wengine watangoja na moto unawaka, kwa zamu. Bwana Mifugo alikataa, akasema salamu haitumwi kama barua. Mama akamuuliza anataka mke au anataka salamu. Akaomba muda wa kufikiri. Mama akauinua mwiko. Bwana Mifugo akasema zamu ni jambo zuri.

Washenga hawaendi bila mwanamke, kwa hiyo mama alipanda nyuma ya Katekista, ameketi upande kama malkia, na mimi nikapandishwa juu ya tenga la Muuza Samaki, maana mama hawezi kwenda peke yake kati ya wanaume. Samaki walikuwa wameshushwa, lakini tenga lilikuwa bado linawakumbuka. Nyapara aliwekwa nyuma kabisa na kufungwa mizigo yote, blanketi, sukari, majani ya chai na jogoo, ili asiweze kukimbia hata akitaka.

Na niseme ukweli, ilikuwa safari nzuri. Zamu zilikwenda. Katekista aliwaamkia wazee kwa ufupi tusioutegemea. Nyapara aliposhuka mara ya kwanza, alimwamkia bibi mmoja kwa sauti ya mgodini, bibi akaangusha ungo, lakini mara ya pili alikuwa ameshajifunza kuchuchumaa. Muuza Samaki alipofika saa yake ya kuswali, wote walimngoja bila kuambiwa, na Bwana Mifugo akamshikia tenga, mimi nikiwa juu yake. Mawingu yalitufuata njia nzima bila kumwaga.

Tulipoukaribia mji wa kaka yake Mama Limi tukajipanga mstari. Wazee wa pale walikuwa wamekaa nje kwenye vigoda wamevaa makoti, mtungi wa pombe katikati, wanatungoja. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa sawasawa. Tuliingia pamoja, pikipiki nne, mlio mmoja. Nikamwona Bwana Mifugo amenyoosha mgongo mpaka kofia imepanda. Hapo ndipo nilipotazama upande wa zizi.

Walikuwa wameacha kucheua.

Tulikuwa tumesahau wote. Ng'ombe wa Masumbwe walikuwa wamechanjwa na mtu huyu kwa ajili ya mapenzi, tena na tena, na sasa mlio ule ulikuwa umekuja mara nne. Uzio wa miiba ulipasuka. Walipita katikati ya washenga na wazee, wakapita juu ya vigoda, mtungi ukazunguka ukapasuka, mkwe mmoja nilimwona amepanda kwenye paa la ghala bila ngazi. Dakika moja baadaye palibaki vumbi, zizi tupu, na jogoo wetu anawika juu ya blanketi.

Bwana Mifugo alizima moto. Alikuwa amefumba macho. Kaka yake Mama Limi alisimama katikati ya vipande vya mtungi akimtazama.

Nilidhani wale watatu wangegeuza pikipiki. Wangekuwa na haki. Badala yake Nyapara alitupa funguo zake chini, akaanza kupanga watu kwa ile sauti yake, wewe kulia, wewe mtoni, wewe mzee shuka huko juu, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilipata kazi ya saizi yake. Katekista alikunja kanzu akaifunga kiunoni, akakimbia na miguu ambayo hakuna muumini aliyepata kuiona. Muuza Samaki alilibeba tenga kichwani akaingia nalo porini. Mama akachukua ufito. Na mimi, nilipokuwa nakimbia, nikahisi kitu kinanivuta kwa nyuma. Alikuwa ng'ombe mwenye kengele shingoni, kiongozi wao, analamba sketi yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya chumvi tangu Nyahanga. Nikasimama, nikafikiri, nikaanza kutembea polepole kuelekea zizini, naye akanifuata analamba, na nyuma yake wengine, na nyuma ya hao Muuza Samaki na wake. Sista anayetufundisha sayansi sijamweleza, maana atataka nimwonyeshe.

Jua likikaribia kuzama ng'ombe wote walikuwa wamerudi isipokuwa dume jeusi. Lilikuwa limesimama peke yake kwenye njia ya kisimani. Bwana Mifugo alikuwa amesimama mbele yake, kwa miguu, bila pikipiki. Akafungua uzi wa kiatu, akavua kofia. Akachuchumaa kidogo.

"Mwadila," akaliambia dume.

Dume likamtazama. Mama Limi alikuja kutoka nyuma ya nyumba na kamba, hakuharakisha, akaitia shingoni, akampa Bwana Mifugo ncha moja. Walirudi hivyo, dume katikati, yeye huku na Mama Limi huku. Mama Limi alikuwa anacheka. Bwana Mifugo alikuwa anasema, "Pole mama, pole mama," na hatukujua anamwambia nani.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda kilichobaki na miguu miwili. Alituangalia sote, tulivyojaa mavi ya ng'ombe na miiba, Nyapara bado anatoa amri kwa zizi lililokwisha kufungwa.

"Siku ile uliniambia una wenzako, nikajua unanidanganya," akasema. "Leo nimewaona. Wangekuwa si wako wangekuwa wameshafika kwao. Kaeni, tuongee. Ila ngosha, mwanamume wewe, ukija kwangu tena, hicho chombo ukiache huko barabarani."

Mvua ilianza tukiwa ndani, tunaongea.

Nimemwona mara ya mwisho likizo hii. Nilikuwa nimeteremshwa na lori njia ya Segese, natembea na sanduku langu kichwani, nikaikuta pikipiki imeegeshwa kando. Bwana Mifugo alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kofia mbili, yake na nyingine ya kike yenye uzi wa kiatu. Viatu vyake vyote viwili sasa havikuwa na uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anatazama uani kwa bibi mmoja, ambako Mama Limi, sasa mkewe, alikuwa amechuchumaa, anauliza habari za wajukuu, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

"Kabula mwanangu," akasema, "tangu asubuhi. Hakuna kibanda alichokiruka. Anashuka hata kwa vijana."

"Si ndiyo adabu, Bwana Mifugo?"

"Adabu ina saa zake," akasema, na hapo nikalazimika kutua sanduku nicheke.

Mama Limi akarudi, akaniuliza habari za mama, za baba, za masista, za paka. Bwana Mifugo alipangusa kiti kwa kofia yake mwenyewe, akamfungia ile nyingine kidevuni. Kisha wote wawili wakanitazama, nami nikajua. Nilisukuma, na gauni la shule, mpaka ikawaka, na vumbi lote nikalila mimi.

Hawakuwa wamefika mbali. Mbele, kwenye kona, alikuwa ametokea mzee na mbuzi wake. Nikaona pikipiki inapunguza mwendo. Moto ukazimwa. Walishuka kwa pamoja, mmoja huku na mmoja huku, wakavua kofia.

Nikaweka sanduku chini tena, nikalikalia, nikangoja kuitwa kusukuma.